Gari Jipya la Jirani

Baada ya mavuno ya mpunga, jirani yangu hapa Malinyi kavuta gari jipya. Jipya maana yake limekula kilomita laki moja na ushee huko Japani, likavuka bahari, likafungwa namba E na utepe mwekundu. Kuku kachinjwa. Mchungaji kaja, shehe kaja, kila mmoja akaliombea kwa zamu. Fundi ndiye hakualikwa.

Nikamuuliza, "Oili umemwaga lini, kaka?"

Akanitazama kama nimemtukania mama mkwe. "Oili ya nini, na gari limetoka bandarini juzi?"

Chini ya boneti ipo stika ya tarehe na kilomita za kumwaga oili. Kijapani hicho, akasema. Tarakimu ni zilezile za kwetu, ila tuyaache.

Gari la kiwandani, jipya la kweli, mara nyingi fundi huliangalia kwenye kilomita 1,000, kisha likamwagwa oili kwenye 5,000, ikitegemea kitabu chake. Hili la mitumba halingoji: likishuka tu, mwaga oili, badili filta, kagua breki, maji na mikanda. Tena kwa vumbi la kutoka Lupiro mpaka hapa, filta ya hewa huziba kabla ya siku zake.

Mwenzetu ana sevisi yake: kila Jumamosi sabuni ya unga, matairi yang'ae. Juzi ile taa nyekundu yenye kopo la oili imewaka kwenye dashibodi. Kaibandikia nembo ya timu yake.