Maiti Mmoja Anatosha

Wanaomlaumu mwandishi wa historia ya vita hawajui kusoma. Wangeanza na riwaya za upelelezi. Agatha Christie, katika Murder on the Orient Express ya mwaka 1934, anaua mtu mmoja tu, tena mwovu, na kitabu kizima mpelelezi wake Poirot hatulii: kitambaa hiki cha mkononi ni cha nani, saa ya marehemu ilisimama lini, nani alipita ushorobani na kimono chekundu?

Sasa mwoneeni huruma mwanahistoria wa Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu Afrika Mashariki. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara, malaria na njaa. Akimpekua kila mmoja namna ile, hicho kitabu nani atakibeba? Kwa hiyo amefanya la busara: wote kawapanga katika sentensi moja, wakabanana humo, nafasi ikapatikana ya manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyoishia Rufiji mwaka 1915, mizinga yake, na hata nyuki wa Tanga wa Novemba 1914. Nyuki wale hawakosi aya yao. Wanastahili, waliwauma askari wa Mwingereza.

Na von Lettow-Vorbeck? Miaka minne porini, jemadari hodari wa Wajerumani, hadi Novemba 1918! Mizigo yake, bila shaka, ilikuwa ikitembea yenyewe.

Mpenzi msomaji, ukikutana na kitabu cha vita chenye majina ya wapagazi, kirudishe rafuni. Hicho kitakuwa cha upelelezi.