Jinsi ya Kung'ara Kikaoni Mudaka

Ndugu yangu, umealikwa Mudaka, nje ya Bukavu, kwenye kikao cha wanafunzi: jioni moja, mada mbili, falsafa ya utambuzi na kufikiri upya usafiri wa mji wa Bukavu. Hujasoma kitu. Usiogope, na wenzako hawajasoma.

1. Chelewa. Barabara ya Taifa Namba 2 inapita hapo hapo, kwa hiyo kisingizio unacho. Ingia ukijipangusa vumbi. Kama umeshinda kwa shangazi nyuma ya soko, vumbi lichukue mlangoni. Radhi usiombe, sema ulikuwa unafanya utafiti.

2. Taja Mfaransa. Maurice Merleau-Ponty alitoa kitabu chake juu ya utambuzi mwaka 1945, na humo anasema dereva aliyeizoea gari yake hupita penye njia nyembamba bila kupima upana wowote. Mwili wake unajua. Ishia hapo. Nyosha kidole barabarani, kwa motari, dereva wa pikipiki, aliyepakia abiria wawili na godoro, anayepenya kati ya lori na mama muuza vitunguu. Kisha nyamaza. Kitabu ni cha Mfaransa, lakini sifa za kunyamaza utapewa wewe.

3. Atatokea mmoja mwenye daftari, safu ya mbele, aliyesoma kweli. (Kila kikao kina wake.) Mrushie Wamarekani. Mwaka 1938, James Gibson na mwenzake Crooks waliandika kwamba anachoona dereva mbele yake ni eneo la kupita salama, lililotoka mbele ya gari kama ulimi, likipinda na kusinyaa kila mara kitu kinapoingia njiani. Muulize kwa upole: "Na wewe, ndugu, eneo lako liko wapi?" Ataketi.

4. Hapa pana hatari: watataka suluhisho. Toa la mbali. Bogotá, mwanafalsafa Antanas Mockus alipokuwa meya, kuanzia 1995, alipeleka njia panda waigizaji wasiosema neno, wawacheke wavunja sheria. Watu watapiga makofi. Makofi yakipoa, taja maroboti yaliyowekwa Kinshasa mwaka 2013 kuongoza magari, yenye kamera za kutazamia. Ukumbi utagawanyika: waigizaji au maroboti? Waache wagombane hadi soda ziishe. Hakuna atakayekumbuka foleni ya Kadutu, hapo Bukavu.

Ila chunga ulimi. Usije ukataja kibanda cha kungojea gari, wala nauli isiyopanda mvua ikinyesha. Hayo yanawezekana, na anayetaja yanayowezekana hupewa kamati. Halafu kamati ina vikao vya saa mbili asubuhi.

5. Ondoka mapema, kabla bei ya pikipiki haijapanda. Motari akikuuliza mlikuwa mnazungumza nini, mwambie ni harusi. Ukitaja usafiri atakuwa na maoni, na kutoka Mudaka hadi Nyawera, mjini Bukavu, ni mbali.