Sifa za Afisa Ugani Mwenye Mkonga

Tembo amesifiwa na watu wengi, lakini karibu wote wamemsifu wakiwa mbali naye. Mtalii humsifu akiwa ndani ya gari lenye paa la kufunguka. Benki Kuu imemsifu kwa kumchapa kwenye noti ya shilingi 10,000. Watoto wa mjini humsifu kwa kumchora masikio makubwa kuliko karatasi. Sijapata kusikia sifa zilizotungwa na mtu ambaye mahindi yake yameliwa. Mimi nalima kando ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na Mheshimiwa huyu hunitembelea kila msimu bila kualikwa, kwa hiyo naona kazi hii imeniangukia.

Nianze na sifa kuu: katika wilaya yetu hakuna mtaalamu wa kilimo anayemfikia. Afisa ugani tuliyepewa na serikali ni kijana mzuri, ana stashahada yake, ila amekabidhiwa vijiji vingi na pikipiki moja ambayo kila mara tangi lake ni kavu. Ukimpigia simu, salamu zikiisha tu anauliza kama una chochote cha mafuta. Tembo hajaniomba mafuta hata siku moja. Anakuja kwa miguu, usiku, kutoka mbali, bila posho ya safari wala ya kulala nje, na anafika siku ile ile mahindi yanapokomaa. Hawahi, hachelewi. Wanasayansi wamekuta kwamba ana jeni za kunusia zipatazo 2,000, zaidi ya mara mbili ya za mbwa. Nami nashuhudia kwamba sehemu kubwa ya jeni hizo imetengewa shamba langu.

Na mtazameni anavyokagua. Haparamii mazao ovyo ovyo. Anaingia kwa utulivu, analishika bua kwa ncha ya mkonga, analipima, analing'oa, analikung'uta udongo kwenye goti, ndipo anapotoa hukumu. Msimu mmoja nilipanda mbegu ya kisasa upande huu na mbegu ya asili upande ule. Ya asili aliila yote. Ya kisasa aliionja, akaiacha imelala chini. Tangu hapo muuza pembejeo akinisifia mfuko wenye picha ya hindi nono, namuuliza kama tembo keshaionja mbegu hiyo. Kwenye matikiti ndiyo usiseme. Sisi tunayagonga kwa kidole, tunategea sikio, tunatikisa kichwa kama mafundi wa redio, na bado tunapasua bichi. Yeye hagongi. Anapita gizani katikati ya matuta, asubuhi unakuta yaliyoiva hayapo na mabichi yamekanyagwa ili yasikuchanganye.

Cheti chake kinaheshimiwa kuliko cha maonyesho ya Nane Nane. Kitongojini kwetu imekuwa aibu kurukwa. Jirani yangu mmoja aliamka akakuta mashamba ya kulia na kushoto yamefyekwa, lake limesimama zima. Badala ya kumpongeza, mkewe alimuuliza mbele za watu: "Baba nanihii, hivi tumepanda nini sisi, hata tembo kapita akageuza uso?"

Tena haondoki hivi hivi. Kwa siku anaweza kula hadi kilo 150, na anachokimeng'enya hakifiki nusu. Kinachobaki anakirudisha shambani papo hapo kikiwa na mbegu zake. Nimeona tikiti likiota katikati ya njia ya ng'ombe, lenye afya kuliko yangu yote, mahali ambapo hakuna binadamu aliyepanda. Naomba mtaalamu yeyote wa wizarani anionyeshe lake.

Sifa nyingine nitazipitia mbio. Jike hubeba mimba miezi 22 bila kadi ya kliniki. Ukoo huongozwa na bibi mkongwe, na sijasikia kikao chao kikiahirishwa kwa kukosa akidi. Mwili wote ule, na bado anaogopa nyuki: ni dalili ya mkubwa asiye na majivuno.

Tusisahau pia kwamba ameturudishia mila ya kukesha. Masika yakianza kuisha, wanaume na vijana hupanda kwenye madungu, wakakesha usiku kucha wakipiga madebe, wakimulika tochi na kuimba nyimbo ambazo mchana wasingethubutu. Mazungumzo yamerudi, hadithi zimerudi. Watoto nao hupanda, kwa sababu shamba ni kubwa na macho ya baba ni mawili tu. Asubuhi watoto hao wanakwenda shule. Nimefundisha shule ya msingi hadi kustaafu, na namjua mtoto aliyekesha: anakutazama vizuri, anaitikia "ndiyo mwalimu", na hakuna kilichoingia. Darasa la saba linafanya mtihani wa taifa mwezi wa tisa, mtihani ule ule anaoufanya mtoto wa Mbezi aliyelala kwenye chandarua. Hakuna alama za kukesha. Na mwanamke mmoja wa kitongoji chetu alitoka kuchota maji kabla hakujapambazuka, na kesho yake tulimzika. Hilo sina namna ya kulisifu.

Lakini nilikuwa kwenye sifa. Mheshimiwa ametuletea semina. Bila yeye nani angejua njia ya kufika kwetu? Walikuja na gari mbili, bango, maji ya chupa na karatasi kubwa za kubandika ukutani. Mwezeshaji akatufafanulia kwamba shida yetu ni hofu, na kwamba hofu huletwa na kutomfahamu mnyama. Tukimfahamu tutaishi naye kwa amani. Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mwanangu, sisi tunamfahamu. Yupo mwenye pembe moja, huyo anapenda ndizi. Yupo aliyekatika mkia, huyo ukimmulika anakufuata. Mwenye kovu begani haji mpaka wa kwanza amemwita. Wewe unamfahamu yupi?" Mwezeshaji akasema swali ni zuri na litarudiwa baada ya chai. Halikurudiwa. Saa kumi na moja jioni dereva alikuwa ameshawasha gari, kwa sababu wafundishaji wa kutoogopa walitaka kuwa barabara kuu kabla ya giza.

Ushauri walituachia. Tulime ufuta na pilipili, mazao ambayo tembo hayapendi. Ni ushauri wa kweli, hayapendi. Tatizo ni kwamba hata sisi hatujazoea ugali wa pilipili. Tufunge kamba za katani zilizopakwa pilipili na oili chafu. Tukafunga, zikasaidia, mvua ikanyesha, ikabidi kupaka upya, na oili inauzwa. Tuweke uzio wa mizinga ya nyuki. Huu nauheshimu. Kule Sagalla, Taita Taveta, nchini Kenya, umewazuia tembo wengi, kwa sababu walioubuni walikaa pale miaka na miaka wakihesabu nani kaingia na nani kageuka. Kwetu ilining'inizwa mizinga, ikapigwa picha, mradi ukafungwa. Nyuki wakakosa maua kiangazi wakahama. Tembo akaja kukagua mizinga mitupu na kuiangusha mmoja mmoja, kwa umakini wake ule ule.

Kuna jambo ambalo tembo ametufundisha kuliko semina yoyote, nalo ni hesabu za serikali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inatambua kwamba mnyama anaweza kukuharibia. Ukienda ofisini ukasema unadai fidia, watakusahihisha kwa upole: hulipwi fidia, unapewa kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka viwango, kuanzia shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi, na mwisho ulikuwa ekari 5. Mwenye shamba ndani ya mita 500 hakuwekewa kitu. Yaani aliye mbali, ambaye tembo humfikia mara chache, ndiye jasho lake lilikuwa ghali. Sisi ambao tembo anatupitia mlangoni tulidhaniwa hatutoki jasho.

Sasa hebu zihesabu zile 25,000 kwa noti. Ni noti mbili nyekundu na moja ya 5,000. Kwenye nyekundu kuna tembo, kwenye ya 5,000 kuna faru. Ekari nzima ya mahindi imeliwa na tembo, nawe ulilipwa tembo wawili na faru mmoja. Aliyefiwa aliwekewa shilingi milioni moja, yaani tembo mia. Mume wa yule mama alizipanga mezani akazihesabu, na wala hakucheka.

Barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na kuna mabango yanayomweleza dereva bei ya kila mnyama atakayemgonga. Tembo ni dola 15,000, zaidi ya shilingi milioni 30. Simlaumu aliyeweka bango. Kati ya mwaka 2009 na 2014 ujangili uliwashusha tembo wa Tanzania kutoka karibu 109,000 hadi kama 43,000, na bila ukali labda leo nisingekuwa na wa kumsifu. Ila pembe zilizokamatwa bandarini zilikuwa kwenye makontena, na kijijini kwetu sijaona mwenye kontena. Bango la upande wa pili, la kumweleza tembo bei ya mtu, sijaliona pia. Angesoma akaona ile milioni moja dhidi ya zaidi ya thelathini, asingehitaji semina ya kumwondolea hofu.

Fomu yangu ya msimu uliopita nilimkabidhi mtendaji wa kijiji, naye akaipeleka wilayani. Huko ikahitaji picha. Picha zikapatikana, ikahitaji vipimo vya umbali kutoka mpakani. Mpimaji akaja, akakuta jiwe la mpaka limeng'olewa na anayejulikana. Kisha mtendaji akahamishwa. Wiki hii mtendaji mpya ameniita ofisini, akanipa kiti.

"Shikamoo mwalimu. Faili lako silioni. Itabidi tuanze upya. Picha za uharibifu bado unazo?"

"Marahaba. Zilikuwa kwenye simu iliyoharibika."

"Basi hapo pana kazi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mahindi yameshaanza kubeba; mwisho wa mwezi huu nitamletea nyingine.