Boxer ya Mjomba na Kona 48



Mjomba, mimi mpwa wako ni mzima, ila goti la kulia bado linalalamika, na ndiyo sababu ya barua hii. Najua habari zimeshafika Nangurukuru kabla yangu, maana picha nilizozituma kijiwe kizima kimeziona na kila mtu amezitafsiri anavyotaka. Msomee mama barua hii, lakini ukifika kwenye kona ya 46 jifanye umepaliwa, uruke.

Unakumbuka siku uliponikabidhi ile Boxer nyekundu? Ulinipa sheria mbili: hesabu ni 7,000 kila jioni, na pikipiki haitembei tupu, kwa sababu ikitembea tupu inachoma mafuta ya tajiri. Nimeishi na sheria hizo miaka minne, Nangurukuru na Masoko, Nangurukuru na Kivinje. Nimebeba abiria mmoja, nimebeba mshikaki wa abiria, nimebeba mama na mtoto na ndoo ya pweza, na siku moja mbuzi aliyetulia kuliko abiria wote niliopata kuwabeba. Sasa sikiliza mambo ya huku Munich.

Watu wazima, wenye akili zao na wajukuu wao, wanaamka Jumamosi saa 11 alfajiri, wanavaa kama warina asali, wanapanda pikipiki za bei ya kiwanja na nyumba juu yake, wanaondoka. Abiria hawana. Mzigo hawana. Nilimuuliza mwenzangu wa zamu kwenye kiwanda cha mikate, mzee wa miaka 60, "Huwa mnakwenda wapi?" Akasema, "Stelvio." "Kuna nini huko?" Uso ukamng'aa kama bwana harusi. "Kona," akasema.

Akaniambia safari ijayo twende wote. Leseni nilikuwa nayo tayari, na hiyo nayo ina kisa chake. Leseni yetu ya nyumbani hapa ina uhai wa miezi 6, baada ya hapo unarudi darasani kama hujawahi kuona pikipiki. Mwalimu aliniagiza nipite katikati ya vikoni vya plastiki kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, mguu usiguse chini. Mtu aliyepita sokoni Masoko na mshikaki asubuhi ya sikukuu hatishwi na plastiki. Kilichonitoa jasho ni bega. Huku kabla hujahama upande lazima ugeuze shingo uchungulie nyuma ya bega, na usipogeuza umefeli. Mimi nilizoea kugeuka abiria anapodai chenji.

Basi yule mzee akasema, "Usiwe na wasiwasi, nitakuazima boxer." Moyo ukatulia, nikajua hapo nipo nyumbani. Akafungua banda, Mjomba, nikaona dude. Kumbe huku boxer si jina la pikipiki, ni aina ya injini. BMW wanaitengeneza tangu mwaka 1923: pistoni mbili zimelala, moja inatazama kushoto na nyingine kulia, zinapiga ngumi kwa pamoja, kila moja upande wake wa ulingo. Silinda zake zimetokeza nje pande zote mbili kama mitungi kwenye matenga. Uzito kilo 249. Boxer yako ukiiangusha unaiokota kwa mkono mmoja huku wa pili unambembeleza abiria. Hii ukiiangusha unaita ukoo.

Stelvio iko Italia, jirani na mpaka wa Uswisi, karibu kilomita 300 kutoka hapa, kama Masoko mpaka Dar. Kule juu ni mita 2,757 kutoka usawa wa bahari, na mimi mlima mkubwa niliouzoea ni kilima cha Singino. Barabara yenyewe ilichorwa na mhandisi Carlo Donegani, ikajengwa kati ya mwaka 1820 na 1825 kwa amri ya mfalme wa Austria, aliyetaka njia ya kufikia himaya yake ya Lombardia. Yule mfalme angalau alikuwa na mzigo wa kupitisha. Majira ya baridi theluji inaifunga miezi kadhaa, kila mwaka, na hakuna anayepiga simu redioni kulalamika. Sisi kimbunga Hidaya kilipoikata njia pale Somanga, Mei 2024, nchi nzima ilisikia.

Upande wa kijiji cha Prato kuna kona 48 za kujikunja kama nyoka aliyekanyagwa mkia, kila moja ina namba yake, na zinahesabiwa kurudi nyuma: unaanza 48, unamaliza 1, kama mgonjwa anayepigwa ganzi. Mzee alizitaja kwa fahari mno hata nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia kwetu, ukitoka Chimala kwenda Matamba, njia ya kupandia Kitulo, kona ni 57, na watu wanaiita hivyohivyo, Hamsini na Saba. Akanyamaza, akatoa kitabu kidogo, akaandika. Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe sijafika.

Kona ya 48 nilipita. Ya 47 nilipita, mguu ukiburuzwa. Ya 46 nikafanya kosa la mtoto: badala ya kutazama ninakokwenda, nikatazama bondeni. Pikipiki, Mjomba, huenda linakotazama jicho. Nikaogopa, nikafunga gesi katikati ya kona, injini ikazima, kilo 249 zikalala upande wa goti langu polepole, kwa heshima, kama mzee anayekaa mkekani. Kwetu ungejaa umati, mmoja anakupa pole, wa pili anatafuta kiatu chako, wa tatu amekipata na haonekani tena. Hapa walisimama bibi wawili kutoka kwenye gari la kulala, wakaweka pembetatu nyekundu barabarani, wakaninyanyulia pikipiki, wakanipa biskuti.

Juu nilifika. Ni baridi, pumzi fupi, na mamia ya warina asali wamepanga foleni ya soseji za nguruwe, kwa hiyo mimi nilikula mkate na haradali. Mmoja akauliza natoka wapi. Kilwa, hajui. Lindi, hajui. Nikamwambia, yule mjusi mkubwa wa kale wa Tendaguru mliyemsimamisha Berlin, mwenye urefu wa mita 13 kwenda juu, ni wa mkoani kwetu, na mifupa yake ilishushwa bandarini Lindi kwa vichwa vya wapagazi. Hapo wakanizunguka. Wakaanza kupiga picha na mimi, nadhani kama ndugu wa marehemu.

Sasa kushuka. Kona ya 14 nikamkuta mwendesha baiskeli amekaa ukingoni, gurudumu la nyuma limepinda, uso umepinda zaidi. Wenzangu wakampungia mkono, wakapita. Mimi mkono ulishika breki wenyewe. Nikamwambia, "Panda." Akafunga baiskeli kwenye nguzo, akapanda na gurudumu lake begani, kofia yake ya baiskeli kichwani, sheria isisikie.

Wallahi, Mjomba, ilipopata uzito nyuma ikawa pikipiki. Gia ya kwanza, breki ya nyuma kidogo, jicho mbele, 13 zimebaki nyuma yetu, na kila kona nikimwambia "shika vizuri" kwa Kiswahili naye anashika. Wenzangu tuliwakuta kijijini Trafoi wanakunywa kahawa, tukawapita.

Alipofika Prato akauliza kiasi gani. Mdomo ukajibu wenyewe: "Elfu mbili." Rangi ikamtoka usoni. Nikakumbuka niko wapi, nikacheka, akacheka, akanilazimisha nipokee euro 20.

Pesa hiyo nimeituma kwa simu ya mama. Toa 7,000 yako, ni hesabu ya siku ile, inayobaki ni yake. Na zile picha: huku kuna wapiga picha wanaojificha kwenye kona halafu wanakuuzia sura yako. Nimenunua mbili. Ile ya kushuka, mimi na abiria na gurudumu, ibandikwe kijiweni. Ile ya kupanda ichane, na kwa kuwa wameshaiona, waambie ni mbuzi.

Mpwa wako.