Mbadala wa Mbadala

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Juni 1, 2019, na sisi ni watu watiifu. Rambo, yaani ule mfuko wa plastiki, tukamzika, tukapokea mfuko mbadala, ule unaofanana na kitambaa. Kwamba kitambaa chenyewe ni polipropilini, yaani plastiki iliyovaa suti, hayo tuwaachie wanakemia.

Mtazame mpenda mazingira kwenye supamaketi. Nyumbani mbadala zimejaa nyuma ya mlango mpaka haufunguki vizuri, lakini leo ananunua mwingine. Angebebaje wa zamani mbele za watu? Ndani anatia katoni ya maji ya chupa, biskuti zilizofungwa mojamoja, na maepo manne yaliyofunikwa nailoni gubigubi yasije yakashikwa na mafua.

Sokoni wana adabu zaidi. Mama wa nyanya hana mfuko, hathubutu! Ana kile kinailoni cheupe cha kufungashia, chepesi hivi kwamba hupasuka kabla hujavuka barabara, ndiyo maana anakupa viwili. Mgambo akichomoza, vinaingia chini ya meza. Mgambo naye akitaka nyanya, anafungiwa vitatu, kwa heshima ya serikali.