Sabufa Yangu, Besi ya Jirani

Hapa Mwakitolyo, kijiji cha machimbo ya dhahabu, anayenunua sabufa hupewa risiti. Besi anapewa jirani. Usimtafute mchawi. Sauti hukimbia hewani mita kama 340 kwa sekunde, kwa hiyo mngurumo wa mitetemo 50 kwa sekunde una wimbi la mita 6.8. Sebule yangu ina mita 3.4 ukuta hadi ukuta: nusu wimbi linaenea humo barabara, likijazana kutani na kufifia katikati. Katikati ndipo lilipo kochi.

Basi nikiweka filamu ya vita iliyotafsiriwa Kiswahili, namsikia mtafsiri akipiga kelele "bomu hilo!", bomu lenyewe silisikii. Linamfikia mama jirani, ambaye kitanda chake kimeegemea ukuta wetu wa pamoja. Nikiongeza besi, mabati yasiyo na dari huanza kuitikia, hata karasha za kusagia mawe huko nje zikaonekana za kistaarabu. Asubuhi mama jirani huniuliza, kwa upole kabisa, kama yule kamanda alipona.

Fundi redio wa senta akanipa dawa. "Kwanza litoe kochi katikati. Halafu ipandishe sabufa juu ya kochi, pale unapokaa wewe, uweke wimbo ambao gitaa la besi linapanda na kushuka. Kisha tambaa kandokando ya kuta. Utakapoikuta besi imetulia, haivimbi wala haipotei, hapo ndipo pa kuiweka." Ana hoja: sabufa na sikio vikibadilishana nafasi, njia ya sauti kati yao ni ileile.

Fundi hakunitahadharisha kuhusu dirisha. Katika kijiji cha machimbo, mtu mzima anayetambaa huku ametega sikio sakafuni hana tafsiri mbili. Kijana mmoja wa karasha akachungulia.

"Shikamoo mzee. Limetema?"

"Marahaba. Natafuta besi."

"Sawa, mzee," akajibu kama mtu ajuaye kutunza siri, akaondoka mbio.

Besi niliipata karibu na kabati la vyombo, mbali na kona, maana kona huvimbisha kila kitu. Kabla sijaihamisha sabufa, mlango ulishajaa watu. Mmoja ana sururu. Mwingine anajitolea kugharamia chakula na dizeli, tugawane. Mwenye nyumba akafika akihema, akadai mgawo wa mwenye ardhi. Nikamwapia kwamba nilichopata ni besi tu.

Akalitazama kabati, akanisogelea sikioni: "Hiyo besi, gramu inakwenda shilingi ngapi?"