Tela Linalopanda Mgongoni

Ukitaka kuwajua ndugu zako wote, pamoja na wale wa upande wa bibi waliohamia Katavi na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita, usihangaike na harusi. Tangaza tu kwamba unanunua pikapu.

Baba Mdogo alitangaza mwezi wa tano, pamba ikiwa imepasuka mashambani na wenye matrekta wameshapandisha bei ya kukodisha matela. Hapa Kimali, na Simiyu yote kwa jumla, mambo ni yale yale kila msimu. Pamba unailima mwenyewe, unaipalilia mwenyewe, unaipulizia dawa mwenyewe, halafu siku ya kuipeleka kwenye mizani ya chama cha msingi unamnyenyekea kijana mwenye trekta kana kwamba ndiye aliyeleta mvua.

"Mwaka huu sikodi kwa mtu," akasema.

Wazo la kuwa na chombo chake lilikuwa limemkaa kichwani tangu 2018, Nane Nane ya kitaifa ilipoletwa Nyakabindi, pale Bariadi. Alikwenda kuangalia matrekta, akarudi na kofia na vipeperushi. Lakini kilichomharibu kabisa ni video aliyoonyeshwa na mwanawe kwenye simu. Mmarekani mmoja mwenye kofia pana alikuwa anavuta nyumba. Nyumba hasa, yenye vitanda, jiko na choo. Na haikufungwa nyuma ya bampa kama matela tuliyoyazoea. Shingo yake ilipanda juu ya bodi ya pikapu ikakaa katikati, pini ya chuma ikaingia kwenye sahani, mtindo ule ule wa semi zinazopita Lamadi kwenda Sirari. Baba Mdogo aliitazama mpaka bando likaisha.

"Mwalimu," akaniambia, maana ninafundisha, na katika ukoo wetu mwalimu ndiye mkalimani wa kila kitu kinachotoka ng'ambo, "mtu analaza watoto ndani ya tela. Sisi tutashindwa kulaza pamba?"

Nikafanya kazi yangu. Nikamweleza kwamba mtindo huo si mpya. Mwaka 1914, mjini Detroit, mfanyabiashara wa mbao aitwaye Frederick Sibley alitaka kusafirisha mashua yake, akamwendea mhunzi August Fruehauf. Mhunzi akatengeneza tela, akaivua bodi Ford ya Model T, shingo ya tela akaifunga hapo. Sibley alipendezwa mno hata akaagiza matela mengine ya kubebea mbao, na mhunzi akawa mwenye kiwanda. Baadaye Glenn Curtiss, yule wa ndege, akaunda la kulala watu. Nilikuwa naelekea kwenye breki na uzito, lakini Baba Mdogo hakunisubiri nifike huko. Alikuwa ameshachukua alichokitaka.

"Mhunzi," akasema. "Hujasema mhandisi. Umesema mhunzi. Na Bariadi tuna mafundi wa kuchomelea wangapi?"

Kikao cha ukoo kilikaa chini ya mkwaju. Mjomba, mchuuzi wa ng'ombe minadani, alitaka Land Cruiser yenye mkonga, na hoja yake ilikuwa na miguu. Injini ya 1HZ, dizeli, lita 4.2, silinda sita, haina mambo mengi ya umeme na kila fundi wa chini ya mti anaielewa. Gari lenyewe limekuwepo tangu 1984 na sura yake ni ile ile. "Kitu kilichozaliwa kizuri hakihangaiki kujipamba," akasema Mjomba. Kisha bei ikatajwa. Mjomba akaigeuza kuwa ng'ombe kichwani mwake, kama anavyogeuza kila kiasi cha fedha, midomo ikitikisika taratibu, na alipomaliza kuhesabu hakusema tena neno mpaka chai ilipoletwa. Upande wa pili binamu mmoja bahili akapendekeza Kirikuu. Akasema Kirikuu inavuta. Ilivuta kicheko tu.

Ikabaki Hilux, iliyotumika, inayosukumwa na magurudumu yote manne. Mimi nikashauri kabini moja, na sababu nikaichora mchangani kwa kijiti. Tela la shingo likikata kona, pembe zake za mbele huzunguka nyuma ya kabini. Bodi ya kabini moja ina urefu wa zaidi ya mita mbili, kwa hiyo pembe ina pa kupita. Ya kabini mbili ni kama mita moja na nusu, na pembe ikikosa pa kupita inaingia dirishani. Wamarekani wenye bodi fupi hutumia sahani inayoteleza kurudi nyuma wakati wa kukata kona. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Ulikuwa mchoro mzuri.

Shangazi akauliza swali moja tu: "Kwenye misiba tutakaa wapi?"

Swali hilo ndilo lililonunua gari. Shangazi alikuwa anachangia thamani ya ng'ombe wawili, na asingeutoa mchango huo ili asafiri kwenye bodi na upepo. Tukanunua kabini mbili. Mchoro wangu ulifutwa na kuku.

Fundi tuliyempata Bariadi alikuwa bingwa wa mageti na vitanda vya chuma. Semi hakuwahi kuigusa, lakini alikuwa amezipungia mkono nyingi. Kwa dalali wa vyuma chakavu akapata sahani na pini za lori lililokufa, vitu vya kweli, pini ya inchi mbili iliyozoea kuvuta makontena. Sahani peke yake ilizidi kilo mia. Vijana wakaibeba kwa makelele, wakaitua kwenye bodi, na Hilux ikainama nyuma kabla haijavuta hata jani.

"Imeamkia," akasema fundi.

Ubishi ukaja juu ya mahali pa kuifunga. Ili kulinusuru dirisha, fundi alitaka sahani ikae mwishoni kabisa mwa bodi, mlangoni. Kwa hesabu ya dirisha alikuwa sahihi. Hapo Babu, ambaye alikuja Bariadi kwa ajili ya miwani tu, akasimama na fimbo yake. Babu hajawahi kushika usukani. Ameendesha mkokoteni wa maksai tangu ujana wake.

"Kijana," akamwambia fundi, "mkokoteni ukiupakia nyuma unafanya nini?"

Fundi akamtazama Baba Mdogo. Baba Mdogo akatazama chini.

"Mti unanyanyuka, kamba ya nira inawakaba maksai koo. Ukiupakia mbele mno, unawavunja shingo. Unapakia mbele ya ekseli ya mkokoteni, kidogo, wausikie mzigo lakini wasiulilie." Akaigonga tairi ya nyuma ya Hilux kwa fimbo. "Na huyu anabebea hapa. Mwekeeni hapa. Ukimning'iniza mkiani, ataangalia mbinguni."

Nimesoma maelezo ya jambo hilo katika vitabu na sijapata yaliyo mafupi kuliko hayo. Tela la kawaida, linalofungwa nyuma ya bampa, hutakiwa kuilalia ndoano kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Pungufu ya hapo linaanza kutikisa mkia barabarani mpaka linavuta gari zima mtaroni. Zaidi ya hapo pua ya gari inapanda, tairi za mbele zinakuwa nyepesi, usukani unabaki pambo. Tela la shingo hulala kwa asilimia 15 hadi 25, mzigo mkubwa zaidi, lakini kwa kuwa unashuka juu ya ekseli au mbele yake kidogo, magurudumu yote manne yanaendelea kukanyaga ardhi. Ndiyo maana yule Mmarekani anavuta nyumba huku anakunywa kahawa. Sahani ikafungwa pale ilipogongwa na fimbo.

Fundi alitaka kuichomelea moja kwa moja kwenye chesisi. Nikasema hapana, moto unadhoofisha chuma cha chesisi, tumia bolti. Nilitegemea mabishano, lakini Shangazi akaniunga mkono kwa nguvu zote. Sababu yake ilikuwa kwamba bolti zinafunguka, na siku ya msiba sahani itatolewa majirani wakae.

Kuhusu breki za tela, fundi alisema Kimali ni tambarare. Ni kweli Kimali ni tambarare. Mito yetu ya mchanga iko chini ya tambarare hiyo.

Halafu ikaja hesabu ya uzito, ambayo niliifanya usiku kwenye daftari la shule kwa mwanga wa simu. Hilux inabeba tani moja hivi mgongoni. Tela tupu tulilikadiria kilo mia saba, pamba kilo elfu moja na mia nane, jumla tani mbili na nusu. Asilimia 20 ya hapo ni kilo mia tano, zote juu ya bodi. Ongeza sahani, kilo mia na ishirini. Zinabaki kama kilo mia tatu na themanini za binadamu, yaani watu watano wasio na mizigo. Nikawasomea matokeo asubuhi. Walikuwa wameshapanda watu wanane, mbuzi mmoja na ndoo mbili za michembe ya kumpelekea mgonjwa.

"Mimi usinihesabu," akasema Shangazi kutoka siti ya nyuma, "mimi nimekaa kwenye kiti."

Mlango wa nyuma wa bodi ulikuwa umeshaondolewa, kwa sababu shingo ya tela ingeukunja siku ya kwanza. Mama Mdogo aliuchukua, akauweka juu ya mawe manne, na tangu hapo unakausha michembe kuliko mkeka wowote. Ndicho kifaa pekee cha mradi huu ambacho hakijawahi kulalamikiwa.

Safari ya kwanza ilianza vizuri. Watoto walikuwa wameikanyaga pamba kwenye tela tangu alfajiri, wakiruka na kuimba, mpaka mzigo uliotakiwa kujaza matela mawili ukaingia moja na kuwa mlima. Pamba ni nyepesi ikiwa mkononi tu. Barabarani trafiki akatusimamisha. Alilizunguka lile dude polepole, akaikuta namba ya tela iko sawa (Baba Mdogo aliugulia sana kulipia namba mbili, kwa maoni yake maksai na mkokoteni wao ni kitu kimoja), kisha akarudi dirishani.

"Shikamoo mzee. Unaelekea wapi?"

"Marahaba. Nakata kulia hapo mbele."

"Gari linasema kulia. Tela linasema kushoto."

Baba Mdogo akafikiri. "Tela ni geni," akasema. "Halijazoea."

Yule askari akacheka mpaka akashika kofia, akatuamuru tubadilishe nyaya pale pale, naye akatumulikia tochi ya simu chini ya tela mchana kweupe.

Mtoni tuligundua kazi ya breki. Kuteremka ukingo, Hilux ilikanyaga breki kwa uaminifu, na tela ambalo halikuwa na habari hizo likaendelea na safari yake, likitusukuma mgongoni mpaka tukafika katikati ya mchanga kabla ya wakati wetu. Mbuzi alishuka mwenyewe na hakukubali kurudi.

Kwenye mizani ilibidi kurudi nyuma. Tela la shingo linataka ukate usukani kinyume cha unakotaka nyuma yake iende, kidogo kidogo, kwa subira. Baba Mdogo angeliweza. Lakini kituo kizima cha pamba kilikuwa na wataalamu. "Kata kulia!" "Kulia ya nani?" "Kulia ya tela!" "Rudi! Rudi! Simama! Nani amesema asimame?" Karani aliacha mizani. Mzee mmoja alitoa maelekezo yake kwa Kisukuma kitupu na nadhani ndiye aliyekuwa sahihi, lakini hakusikika. Baba Mdogo aliwatii wote kwa zamu, Hilux ikajikunja, na pembe ya tela ikafanya kile nilichokichora mchangani. Kioo cha nyuma kikamwagika chote.

Kimya. Shangazi akakung'uta kanga, akageuka, akatazama lile tundu.

"Afadhali," akasema. "Kulikuwa na joto."

Pamba ilipimwa, ikalipwa, na tela likatangazwa kuwa limefaulu. Dirishani pakawekwa nailoni. Fundi akaongeza breki za tela, na siku hizi anajitambulisha mjini kama mtaalamu wa semi. Na ndugu wakaanza kuja. Huyu ana mabati ya kutoa Bariadi, huyu ana mahindi Maswa, huyu anahama nyumba, na wa Katavi wakapiga simu kuulizia afya ya gari. Baba Mdogo hawezi kumkatalia mtu aliyekaa kwenye kikao, na kila mtu alikaa kwenye kikao.

Juzi, pamba ya awamu ya pili ikiwa imeshakanyagwa na kufungwa mashukani, nilimsindikiza kwa kijana mwenye trekta. Tulikaribishwa vigoda. Baba Mdogo aliulizia mvua, akaulizia wazazi, akaulizia trekta lenyewe, mwisho akatamka kwamba alikuwa anataka kukodi tela.

Kijana akashangaa. "Lakini baba, si una tela lako?"

"Ninalo."

"Liko wapi?"

"Limekwenda msibani, Lamadi," akasema Baba Mdogo. "Bei ni ile ile ya mwaka jana?"